Safari na Kisu: Mauti katika Nyimbo za Keya na za Imbalu

Aghalabu sisi walimu wa Kiswahili huwaambia wanafunzi wetu kwamba katika wimbo neno fulani ni ishara ya jambo fulani. Usiku ni mauti, alfajiri ni uhai, mto ni mpaka baina ya walio hai na waliotangulia, na safari ndiyo kufa kwenyewe. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo, akaiandika katika karatasi ya mtihani, akapewa alama zake. Nami nimeifundisha hivyo kwa miaka mingi. Katika makala haya nakusudia kusimulia jinsi orodha hiyo ilivyonivunjikia mikononi, kisha nifuate historia ya nyimbo za namna mbili ambazo vijana wa sehemu zetu za Mbale na Jinja wameziimba wakiwa karibu na mauti: nyimbo za Kiswahili za askari wa Keya, na nyimbo za imbalu, yaani jando la Wagisu. Walimu wenzangu wa pwani wataniwia radhi nikigusa Kiswahili cha kambini, ambacho wao wamezoea kukiona kuwa mtoto wa nje.

Nifundishapo ni karibu na Nakaloke, mji mdogo ulio nje kidogo ya Mbale. Darasani wamo Wagisu, Wagwere, Wateso na wengineo, Waislamu kwa Wakristo. Kiswahili kwao ni somo, nyumbani hakisemwi. Na yafaa msomaji asiye wa Uganda aelewe kwamba kwetu wazee wengi walikisikia Kiswahili kwanza katika kinywa cha mtu mwenye bunduki. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala wa Uganda, lakini upinzani wa Buganda na wa wamisheni ulikuwa mkubwa, na lugha ikabaki zaidi jeshini, katika polisi na sokoni. Idi Amin, ambaye mwenyewe alilelewa na jeshi, aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Tangazo hilo halikuifanya ipendwe. Mtu aliyegongewa mlango usiku katika miaka ile aliamriwa kwa Kiswahili afungue. Hata baada ya katiba kurekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, bado yuko mzazi anayeniuliza kwa nini namfundisha binti yake lugha ya askari.

Basi siku moja, nikiwa nimechoka na mashairi ya vitabuni, niliona heri nianzie hapo hapo penye hofu. Nikawapa wanafunzi wimbo wa askari uitwao Funga Safari, uliokuwa maarufu mno miongoni mwa askari wa Keya. Ni wimbo wa swali na jibu. Unatangaza kwamba safari inafungwa, unauliza ni nani aliyetoa amri, kisha unajibu kwamba amri ni ya afisa na ya jeshi lenyewe. Maneno yake ni machache, na mwendo wake ni wa kuchangamsha miguu. Nikauliza darasa: safari hii ni ishara ya nini?

Kijana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, maiti naye hufungwa." Nikamwambia aendelee. Akaeleza kwamba sanda hufungwa kichwani, kiunoni na miguuni, na kwamba maiti akishawekwa kaburini vifungo vile hulegezwa. Akaketi.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikaandika ubaoni neno funga, nikachora mshale kwenda kwenye mzigo wa mpagazi na mshale mwingine kwenda kwenye sanda, nikaliambia darasa lipige makofi. Jioni mwalimu mwenzangu akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua: baba wa kijana yule alikuwa askari, alikwenda Somalia pamoja na jeshi letu, ambalo limekuwa huko tangu mwaka 2007, akarudishwa maiti. Kijana hakuwa akifasiri wimbo. Alikuwa akisema alichokiona kwa macho yake, nami nilimpigia makofi kana kwamba ametegua kitendawili.

Tokea siku hiyo sikuweza tena kulifundisha neno safari kama nilivyolifundisha awali, na nikaanza kuuliza historia yake.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, lakini maana tuliyo nayo ilikomazwa na misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kwenda bara kutafuta pembe na watumwa. Safari ilikuwa watu, mizigo, kamba, ngoma, na kiongozi wa mbele. Kufunga safari kulikuwa tendo la mikono kabla hakujawa msemo: mzigo usiofungwa vizuri humuumiza mpagazi bega, na huanguka mtoni. Wapagazi waliimba ili hatua zao zilingane na mzigo usihisiwe. Wengi wao walifia njiani, kwa homa, kwa njaa, kwa kuachwa. Kwa hiyo mauti yalikuwamo katika safari tangu mwanzo. Hayakutiwa humo na mshairi. Yalikuwa sehemu ya kazi, kama vile malengelenge yalivyo sehemu ya kutembea.

Waingereza walipounganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na Nyasa mwaka 1902 na kuviita King's African Rifles, askari waliyafupisha maneno hayo yakawa Keya, na Kiswahili chao cha kambini kikaitwa Kikeya. Katika vikosi hivyo Waganda, Waacholi, Wagisu, Wakamba, Wayao na Wanyamwezi waliamriwa kwa lugha moja. Msamiati wa safari ukahamia jeshini mzima mzima, pamoja na kamba zake. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 askari alitembea, na nyuma yake walitembea wapagazi wa jeshi, ambao majina ya mitaa ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi ni kumbukumbu yao. Waliokufa miongoni mwa wapagazi ni makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na nimonia, si kwa risasi. Upande wa pili wa vita hivyo hivyo Mjerumani Aschenborn alitunga wimbo uitwao Heia Safari, akalifanya neno letu kuwa la fahari na la kutamani mbali. Na neno likakubali, maana neno halina uwezo wa kukataa.

Jirani yangu ni mzee wa umri wa zaidi ya miaka themanini. Baba yake alikuwa askari wa Keya katika Vita Kuu ya Pili. Nilimwendea nikiwa na daftari, nikamweleza habari ya mizigo na sanda, nikitaraji aniunge mkono. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, safari ilikuwa safari. Wakiambiwa wafunge, walifunga blanketi na sufuria. Ungemwambia baba kwamba anaimba kifo angekucheka."

Nikamuuliza: je, basi, wimbo ule haukuwa na mauti hata kidogo? Alikaa kimya kidogo. Akanieleza kwamba baba yake, aliporudi nyumbani, aliuimba mara chache, hasa jioni akiwa na wenzake. Huanza vizuri, akifika penye swali la nani aliyetoa amri, hulitamka swali, halafu huinyamazia sehemu ya jibu. Wenzake nao hunyamaza. Kisha mmoja wao huomba tumbaku, au huulizia ng'ombe, na wimbo huishia hapo.

Sina njia ya kuthibitisha kumbukumbu ya mtoto juu ya jioni za baba yake, nami naileta kama nilivyopewa. Lakini tukumbuke askari hawa walipitia nini. Uganda ilipeleka vikosi vya Keya hadi Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944, masika ya huko yakinyesha, waliteremka katika bonde la Kabaw, ambalo askari walilijua kwa jina la Bonde la Mauti kwa sababu ya malaria na homa zake, wakaendelea hadi Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili tatu tu. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao hawakufungwa sanda, wala hakuna aliyelegeza kifungo chao. Majina yao yamo katika ukumbusho wa Nairobi wa waliokosa makaburi. Jinja nako, mji ambao baadaye ulikuwa makao ya kikosi cha nne cha Keya, kuna makaburi ya vita yaliyopangwa kwa safu na kufyekwa nyasi; mwanafunzi akiyaona hushangaa kwamba maiti nao husimama gwaride.

Kwa hiyo nilikubaliana na mzee nusu, na nusu nilibaki na kijana wangu. Mzee alikuwa na haki kwamba askari aliyekuwa akifunga blanketi hakuwa akitunga istiari. Lakini swali la nani aliyetoa amri lilikuwa limekaa ndani ya wimbo tangu siku ya kwanza, likiimbwa kwa furaha na maelfu ya watu, nalo kila mara lilikuwa na jibu tayari. Mauti hayakuwa katika neno safari. Yalikuwa katika swali lile, na yalionekana pale tu jibu lilipokosa mwitikaji.

Nilipofikia hapo nilianza kuzifikiria nyimbo ambazo askari huyo huyo alikuwa ameziimba kabla hajaonana na afisa yeyote, yaani nyimbo za imbalu. Maana kijana wa Kigisu aliyeandikishwa Keya alikwisha kusimama mbele ya kisu.

Imbalu hufanywa katika miaka ishufwa, na msimu huzinduliwa mwezi Agosti huko Mutoto, karibu na mji wa Mbale. Masimulizi ya asili yake ni mengi. Lijulikanalo zaidi ni kwamba Masaba, baba wa kabila, alimpenda Nabarwa, binti wa watu waliotahiri, na binti akakataa kuolewa naye mpaka atahiriwe. Ndugu zao Wabukusu wa upande wa Kenya husimulia tofauti: Mango alimuua nyoka aliyekuwa akiangamiza watu, na majirani zake Wabarwa wakaona kwamba mtu shujaa kiasi hicho anastahili kutahiriwa. Wimbo wao uitwao Sioyaye, uimbwao mwaniwa akirejeshwa kutoka mtoni alfajiri hali amepakwa tope, huhusishwa na kisa hicho. Tazama mpangilio wake: kwa Wabukusu mauti huja kwanza, katika umbo la nyoka, na kisu hufuata kama tuzo, kwa Wagisu kisu ndiyo bei ya mke, yaani ya uzazi. Milima ni ile ile, watu ni ndugu, na kisu kimesimama upande huu wa mauti na upande ule.

Kabla ya siku yenyewe kijana huzunguka kwa jamaa zake akicheza, njuga mapajani, shanga na ngozi ya mbega mwilini, na ngoma za kadodi nyuma yake. Kiongozi wa nyimbo, aitwaye namyenya, hutanguliza, na kundi huitikia. Hupakwa unga wa ulezi na kimea. Hapo ndipo mimi huona kwamba wanafunzi wetu hupitwa na utajiri mkubwa kwa kutafuta ishara katika maneno peke yake. Kimea ni nafaka iliyoloweshwa, ikafunikwa, ikaota, kisha ikakaushwa na kusagwa. Kijana mwenyewe hushirikishwa katika kutengeneza pombe ya ulezi ya sherehe yake, na pombe ile huchacha katika siku zile zile ambazo yeye anacheza. Ikiiva naye ameiva. Mtafiti Suzette Heald, aliyekaa Bugisu miaka ya 1960, ameeleza ulinganifu huo kwa kirefu. Wimbo unaweza kuwa unataja shangazi, au kuku, au uchoyo wa mjomba asiyetoa zawadi, wala usitamke mauti hata mara moja, ilhali mwimbaji amepakwa mwili mzima nafaka iliyofunikwa ikafufuka.

Kisu kikiwadia, kijana husimama wima asipepese jicho. Nyimbo hukatika. Ni ukimya mfupi sana, na kila aliyewahi kuwapo anaujua. Ndani ya nyumba mama yake na wanawake wengine huketi kwa mkao unaofanana na wa kuzaa, kama alivyoeleza bibi La Fontaine, ambaye aliyalinganisha maumivu ya imbalu na ya uzazi. Kisha huja vigelegele. Baada ya siku chache ngariba humnawisha kijana mikono, kwani mpaka hapo haruhusiwi kula kwa mkono wake mwenyewe, sawa na mtoto mchanga. Humkabidhi vitu vya utu uzima, jembe, moto, maji, na kumweleza matumizi yake. Timothy Wangusa, mshairi na mwana wa Bugisu, aliandika riwaya juu ya kijana aelekeaye kisu hiki, Upon This Mountain, iliyotoka mwaka 1989. Nawasihi wenzangu waisome, maana humo hofu ya kijana haikufichwa.

Lakini jambo linalonihusu zaidi ni hili. Katika imbalu huulizwa swali lile lile la Keya, ila huulizwa kwa njia nyingine. Wazee humwonya kijana kwamba kisu ni kikali, kwamba akiogopa arudi nyuma, kwamba hakuna aliyemtuma. Naye hujibu kwamba ametaka mwenyewe. Ndiyo sababu nyimbo zake zina majigambo. Amri ni yake. Mtu akiisha kusema hivyo mbele ya ukoo wake, kisu si mauti tena, hata kama kinauma kama mauti.

Natamani ningeweza kuishia hapo, imbalu upande wa uhai na Keya upande wa mauti. Mambo hayako hivyo. Kila msimu kuna habari za wanaume waliokimbia, wakafukuzwa njiani na kutahiriwa kwa nguvu, na umati ukiimba. Wazee wengine husimulia kwamba hata mwanamume aliyekufa bila kutahiriwa alitahiriwa maiti kabla ya kuzikwa. Huyo hakuulizwa kitu. Katika hali kama hizo nyimbo ni zile zile, ngoma ni zile zile, unga wa ulezi ukipatikana ni ule ule, na maana yake imegeuka juu chini kwa sababu mwenye kuitikia si yeye. Tena katika Keya walikuwamo vijana waliokwenda kwa hiari, kwa kutaka mshahara au kuona dunia, walioliimba jibu la wimbo wao kwa moyo wote. Okot p'Bitek, alipokusanya nyimbo za Waacholi katika Horn of My Love mwaka 1974, aliweka maombolezo karibu na nyimbo za mapenzi na za vita, na msomaji akizisoma kwa utulivu ataona jinsi sauti moja inavyoweza kuvuka kutoka ngoma hadi matangani bila kubadili nguo.

Walimu wenzangu wataniuliza: basi darasani tufanyeje? Mimi nimeacha kuuliza neno fulani ni ishara ya nini. Huuliza ni nani anayeimba, ni nani anayeitikia, mikono yao inafanya nini wakati huo, na ni nani aliyetarajiwa kuitikia akanyamaza. Maswali haya ni marefu kwa kipindi cha dakika arobaini, na mwongozo wa kusahihisha mitihani hauyajui. Mwanafunzi anayejibu kwamba safari ni mauti bado atapata alama yake, nami sina budi kumwandaa kwa mtihani huo pia. Nimewaambia wazi kwamba liko jibu la mtihani na liko jibu la wimbo, na wao, kwa kuwa ni watoto wa mji wa soko, walilielewa jambo hilo upesi kuliko nilivyodhani.

Kijana yule nilimwomba radhi, si mbele ya darasa, bali njiani tukielekea nyumbani. Alisema si kitu. Muhula uliofuata nilirudi kwenye wimbo ule ule, nikawataka waandike ukurasa mmoja juu ya sauti inayouliza. Yeye aliandika juu ya simu. Aliandika kwamba baba yake aliamriwa kwa Kiswahili, akawaaga kwa Kigwere, na kwamba yeye alikuwa amesimama mlangoni akisikia lugha zote mbili, akaelewa moja tu. Kwamba siku hizi anaelewa zote mbili. Neno ishara halikuwamo. Katika mstari wa pili kulikuwa na kosa la upatanisho wa ngeli, nami nilirudisha daftari bila kulitia alama.